Karatasi Aliyoiona Mlinzi

Kaka yangu alikuwa mkaguzi wa maghala ya vyakula. Aliingia kwenye vyumba vya baridi amevaa koti zito, mkononi kipimajoto, akafungua maboksi ya nyama na samaki wa barafu, akatazama tarehe, kisha akatia sahihi au akakataa kutia. Aliifanya kazi hiyo ya serikali kwa miaka kumi na minne. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba nusu ya Dubai inakula kwa ruhusa ya mwanawe, na kaka alikuwa akiona haya, lakini hakuwahi kumkanya.

Polisi walimchukua ofisini asubuhi, mbele ya wenzake. Wifi yangu alinipigia simu nikiwa kazini Airport Freezone, ambako niliandika hati za mizigo inayoingia na kutoka. Alikuwa analia na maneno yake sikuyaelewa ila moja: rushwa. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Kwenye kompyuta mbele yangu kulikuwa na hati ya mzigo wa matairi, na nikaimaliza kuiandika, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Tulikaa wote nyumba moja, Al Warqa. Mimi na mama chini, kaka na mkewe na watoto wao wawili juu. Baba alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Yeye na mama walitoka Unguja vijana, akapata uraia wa hapa kabla mimi sijazaliwa, na mpaka leo nyumbani kwetu Kiarabu ni cha mlangoni, ukishavua viatu ni Kiswahili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Meneja wa ghala moja la baridi, Dubai Investments Park, alikamatwa kwa kubandika tarehe mpya kwenye nyama ya zamani. Alipobanwa akasema kuna mkaguzi aliyepokea fedha kwake ili afumbe macho, na mkaguzi huyo ni kaka yangu. Fedha hazikupatikana nyumbani wala benki. Palikuwa na shahidi mmoja tu, mlinzi wa geti la ghala, kijana wa Kikenya, aliyesema alimwona meneja akimpa kaka kitu kwenye mlango wa gari. Mahakama ya kwanza ikamhukumu kaka kifungo cha mwaka mmoja na faini, na kazi ikaisha siku hiyohiyo. Akakata rufaa. Wakamwachia kwa dhamana mpaka rufaa isikilizwe, na dhamana ilikuwa pasi mbili za kusafiria, yake na yangu.

"Sikuchukua kitu," alimwambia mama siku aliyorudi. Alipiga magoti mbele ya kiti chake. "Wallahi mama, mtu yule hakunipa kitu mie. Si fedha, si maji ya kunywa."

Mama akamshika kichwa. "Nnajua, mwanangu. Nnajua."

Na mimi nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Wakili tuliyempata kwa ajili ya rufaa alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine imening'inia kifuani. Alituita mimi na wifi ofisini kwake, kaka alikuwa na homa. Akafungua faili na kutusomea maelezo ya mlinzi kama yalivyoandikwa kwa Kiarabu: "Nilimwona meneja akimpa mkaguzi karatasi. Mkaguzi akaingia garini, akaondoka."

Akaweka kidole juu ya lile neno. "Karatasi," alisema. "Mahakama ya kwanza imelipita neno hili kama halipo. Mkaguzi hupewa karatasi kila siku, ndiyo kazi yake. Ripoti, risiti, orodha. Sasa kosa liko wapi?"

Wifi akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimwona akipumua mpaka chini.

"Alizungumza lugha gani huyu mlinzi?" nikauliza.

"Imeandikwa hapa, Kiswahili, kupitia mkalimani. Ndiyo maana nimekuiteni. Ninataka kujua, tukiomba aitwe mbele ya mahakama ya rufaa, atasema neno hilihili? Wewe ni lugha yako. Nenda kamuulize." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Lakini sikiliza. Usimfundishe la kusema. Usimpe kitu. Muulize alichokiona, khalas. Ukizidisha hapo nitakuwa na mteja wa pili."

Kumpata mlinzi hakukuwa kazi kubwa. Dada mmoja wa Kikenya aliyefanya kazi nyumba ya jirani alisali naye kanisa moja. Alinipatia namba, nikapiga, na aliponisikia nikisema "Assalaam, samahani, nnaomba dakika mbili tu," akasema Ijumaa alasiri yuko ofu.

Siku hiyo nikiwa natoka, mama akanifuata mpaka kwenye gari na mfuko mweupe wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kopo la halua aliyoletewa kutoka Maskati.

"Mama, wakili kasema nisimpe kitu."

"Halua si kitu," alisema mama. "Halua ni adabu. Utakwendaje kwa mtoto wa watu mkono mtupu?"

Nikauweka kwenye kiti cha pembeni. Sikuwa na nguvu za kubishana naye siku zile. Alikuwa hapati usingizi, na vidole vyake vilikuwa havitulii, vinachambua ncha ya mtandio wake kama anayetafuta uzi.

Tulikutana kwenye mkahawa mdogo wa Wahindi, chini ya majengo wanayolala wafanyakazi. Nguo zilikuwa zimeanikwa kila dirisha, na watu wamekaa kwenye ukingo wa njia kivulini, wakizungumza na simu zao. Alikuwa amefika kabla yangu. Kijana mrefu, labda miaka thelathini, shati lake limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono unaonekana. Alisimama niliponyanyua mkono.

"Habari yako, madam."

"Usiniite madam, mwanangu wee. Niite dada."

"Sawa, madam."

Tukaagiza chai ya maziwa. Nikamwambia mimi ni nani, ingawa alijua, na nikamwambia sikuja kumlaumu. Alisikiliza huku amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mimi sikutaka hii kesi," alisema. "Polisi walikuja wakauliza nani alikuwa kwa geti siku hiyo, nikasema ni mimi. Sikujua kusema ni mimi ndiyo kesi yenyewe. Saa hii arbab, bosi wetu, amesema nisiongee na mtu yeyote. Nimekuja tu kwa sababu uliniongelesha Kiswahili kwa simu. Ni kama ningekuwa nimekataa mtu wa kwetu."

Nikashindwa pa kuanzia. Nikachukua mfuko wa mama, nikauweka mezani mbele yake. "Kwanza, mama yangu kakuletea hii. Ni halua tu."

Akarudisha mikono yake mapajani haraka, kama aliyeona moto.

"Hapana, madam. Tafadhali. Hiyo karatasi siwezi shika."

Nilitazama meza. Palikuwa na glasi mbili za chai na sahani ya sukari. Nilifikiri labda kuna risiti imeanguka.

"Karatasi gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Hiyo."

"Huu mfuko?"

"Eeh, mfuko. Sisi kwetu tunaita karatasi."

Chai yangu ilikuwa imefika mdomoni na nikairudisha chini bila kuinywa. Nilisikia masikio yangu yanaziba, kama mtu anaposhuka na ndege. Nilitaka kuondoka palepale, kabla sijauliza. Nikauliza.

"Siku ile pale getini. Meneja alimpa kaka yangu nini?"

"Karatasi," alisema. Kisha akaona uso wangu, akaelewa kwamba lazima anieleze. "Kama hiyo, lakini ilikuwa nyeusi. Imefungwa fundo hapa juu. Kaka yako alichukua, akaweka chini ya kiti. Si juu ya kiti, chini. Halafu akanishukuru kwa kufungua geti. Yeye alikuwa mtu mzuri, kila akija alikuwa ananisalimia. Hao wengine hawasalimii."

"Na ndani mlikuwa na nini?"

"Sijui. Polisi pia niliwaambia sijui. Siwezi sema kitu sijaona."

Hapo ndipo ningeweza kujidanganya. Ndani ya mfuko mweusi pangeweza kuwa na samaki, au nguo, au chochote. Lakini kaka aliapa mbele ya magoti ya mama kwamba hakupewa hata maji ya kunywa.

Kijana akaegemea mbele. "Madam, nikiitwa tena, niseme nini?"

Nilikumbuka kidole cha wakili. "Sema ulichokiona."

"Nikisema hivyo, kaka yako atakuwaje?"

"Sijui."

"Na mimi?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

Akazungusha glasi yake. Kisha akaniambia kwamba mkataba wake ulikwisha miezi miwili nyuma, pasi yake iko kwa kampuni, na wanamwambia hatoki mpaka mambo ya ghala yaishe. Kwao Bungoma ana mtoto ambaye hajamwona akitembea. Akauliza kama mimi, nikiwa mtu wa hapa na ninayefanya kazi ya hati, ninamjua mtu yeyote.

"Hata yangu pasi iko mahakamani," nikamwambia.

Akanitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii akacheka kidogo, cheko la pumzi tu, na mimi nikacheka hivyohivyo. Nikarudi na halua yangu. Mama aliponiuliza kama kapokea, nikasema kapokea na anakushukuru. Kesho yake nikaipeleka kazini, wenzangu wakaila bila kujua.

Jumapili nilikwenda kwa wakili peke yangu. Nilimweleza yote, mpaka lile fundo juu ya mfuko. Akavua miwani, akavaa ile nyingine, akaivua na hiyo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mie na yeye."

"Basi hatutaomba aitwe." Akafunga faili. "Kilichoandikwa kimeandikwa. Imeandikwa karatasi, na mimi nitasimama juu ya karatasi."

"Lakini sivyo alivyosema."

"Binti yangu, mimi sikuandika, na wewe hukuandika. Wewe ni dada yake. Hakuna mtu atakayekuuliza." Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayenifunika shuka.

Ni kweli. Hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kwenda wapi, na kwa nani, na kusema nini? Kwamba kaka yangu ni mwongo? Kwamba mkalimani wa watu hakujua Wakenya wanaitaje mfuko? Usiku na mchana nilizungumza na nafsi yangu kwa namna hiyo. Nikikaa kwenye msala baada ya sala, mikono imeinuka, nashindwa kujua niombe nini. Nikiomba aachiwe, naomba nini hasa? Nikiomba haki itendeke, watoto wale wawili wa juu waniite nani? Mara nyingi nilifuta uso na kuinuka bila kuomba.

Kaka siku hizo alikuwa anaosha gari. Hakuwa na kazi, kwa hiyo kila alasiri jua likipungua alitoa mpira wa maji akaliosha gari ambalo halikwenda popote. Nilirudi kazini siku moja nikamkuta anasugua rimu kwa mswaki wa meno.

"Ulikwenda kumwona yule mlinzi?" aliuliza bila kugeuka. Wifi alikuwa kamwambia.

"Nilikwenda."

"Akasemaje?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo siku tatu. "Kasema meneja alikupa karatasi."

Akasimama. Maji yaliendelea kutoka, yakamwagikia miguu yake. Niliona mabega yake yakishuka, uso wake ukifunguka, na kwa kitambo alikuwa yule kaka aliyekuwa akinibeba mgongoni kunivusha mchanga wa moto.

"Si unaona!" alisema. "Si nilikwambieni? Karatasi. Zilikuwa karatasi za ukaguzi."

Hakuwahi kutwambia karatasi yoyote. Miezi yote ile ilikuwa kitu hakuna, si fedha, si maji. Nikamtazama nikingoja asikie mwenyewe alichosema. Alinitazama na yeye, macho yake yakanichungulia kidogo, kama anayepima baridi ya chumba. Halafu akainama tena kwenye rimu.

Ningemwambia hapo. Neno lilikuwa mdomoni: mfuko, kaka, mfuko mweusi wenye fundo. Mtoto wake mdogo akatoka mbio miguu mitupu akitaka kushika mpira wa maji, na kaka akampa. Nikaingia ndani.

Mahakama ya rufaa si kama watu wanavyoifikiri. Mara ya kwanza tulikaa saa mbili kwenye benchi na kaka akasimama mbele ya majaji watatu kwa muda wa kumeza mate. Faili lilikuwa halijafika, njooni wiki mbili. Mara ya pili wakili alikabidhi maandishi yake, kurasa nyingi, na jaji wa katikati akamuuliza kaka kama ana la kuongeza. Kaka akasema, "Mimi sina hatia, mheshimiwa." Jaji akaandika. Nilijiuliza ameandika nini. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi lakini kalamu ilikwenda muda mrefu.

Siku ya hukumu mama alitaka kuja, tukamkatalia. Nilikaa na wifi safu ya wanawake. Kulikuwa na kesi nyingi asubuhi hiyo na karani alizisoma moja baada ya nyingine kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Lilipotajwa jina la kaka nilisikia: "Rufaa imekubaliwa..."

Wifi hakuwa na Kiarabu kizuri, alitoka Unguja kuolewa. Lakini neno hilo alilijua. Akanikumbatia, akaanza kusema alhamdulillahi, na mimi, Mungu anisamehe, nikamkumbatia kwa furaha ya kweli. Kila kitu nilichokijua kilinitoka kichwani.

"...kwa utaratibu wake," karani aliendelea. "Na kwa msingi wake, imekataliwa. Hukumu ya kwanza inabaki kama ilivyo."

Wifi alikuwa bado ananishukuru shingoni. "Wamesemaje? Wamesema nini tena?" Ilinibidi mimi nimwambie. Niliiondoa mikono yake shingoni mwangu, nikaishika, nikamwambia kwamba wamekubali kuisikiliza tu, na wameikataa. Alinitazama kama mimi ndiye niliyehukumu.

Askari wawili walikuwa keshasimama karibu na kaka. Alitoa saa mkononi, na funguo za gari, na simu, akatafuta wa kumpa, na wakili akavipokea. Kabla ya kupitishwa mlango wa pembeni aligeuka upande wetu. Nilinyanyua mkono, lakini sidhani aliuona.

Baada ya siku kadhaa wakili alinipa nakala ya hukumu. Niliisoma ndani ya gari mbele ya ofisi yake, injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Niliisoma mara mbili. Majaji walitegemea maungamo ya meneja, na ujumbe wa simu baina yake na kaka, ambao mimi sikuwahi kuambiwa upo. Maelezo ya mlinzi hayakutajwa kabisa kwenye sababu zao. Safari yangu ya Ijumaa, na kunyamaza kwangu kote, havikumsaidia wala kumdhuru mtu.

Nilimpigia simu yule kijana nimwambie hataitwa tena. Namba haikuwa hewani. Dada wa jirani alisikia kanisani kwamba karudishwa kwao. Mtu mwingine alimwambia hapana, kahamishiwa Abu Dhabi. Sikupata kujua.

Mama tulimwambia habari ya hukumu, akalala siku mbili, kisha akasema anataka kumwona mwanawe. Tulikwenda siku ya kutembelea. Kaka alikuwa upande wa pili wa kioo, amenyolewa, na wanazungumza kwa simu. Mama alimweleza habari za bamia alizopanda uani, na kwamba paka wa jirani kazaa chini ya tangi la maji. Kaka aliitikia kila kitu. Muda ulipokwisha mama aliendelea kuishika simu sikioni ingawa ilikuwa keshakatwa.

Tukaingia barabara kuu.

"Ile rushwa, aliichukua?" mama aliuliza.

Nilibaki na macho barabarani. Lori lilikuwa mbele yangu na sikulipita.

"Aliichukua, mama."

Hakulia. Alikaa amelaza mikono mapajani, na vidole vyake, vilivyohangaika miezi yote ile, vilikuwa vimetulia. Tulipokaribia nyumbani akauliza siku nyingine ya kutembelea ni ipi. Nikamwambia Jumanne. "Basi Jumanne," alisema.

Kaka alitoka kabla ya mwaka kutimia, kwa msamaha wa Ramadhani, asubuhi ambayo hatukuambiwa mapema. Nilikuwa jikoni. Nilisikia mlango, nikageuka, akawa amesimama pale na shati alilovaa siku ya hukumu, sasa linampwaya. Tulisalimiana. Watoto walikuwa skuli, mama amelala. Alifungua kabati moja, akafunga, akafungua jingine.

"Glasi mnaweka wapi siku hizi?" aliuliza.

Nikamwonyesha.